Siku Niliyomwambia Ndugu Yangu Akubali

Ndugu yangu mdogo alifungwa miaka miwili kwa kosa ambalo hakulitenda, na mimi ndiye niliyemwambia akiri. Huku kwetu Mukurweini watu wanajua nusu ya habari hiyo. Nusu nyingine ni yangu, na nimekaa nayo muda mrefu.

Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kidogo cha kahawa karibu na Gakindu. Asubuhi moja magunia sita ya kahawa iliyokwisha kuanikwa hayakuonekana, na kufuli ilikuwa nzima. Polisi walimkamata kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake, wakawakamata na walinzi wawili.

Mchana huo nilivaa koti nikaenda kituoni. Nilimaliza kidato cha nne wakati wengi wa rika langu waliishia shule ya msingi, na nilikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi. Nyumbani, jambo lolote lenye karatasi lililetwa kwangu. Ndugu yangu aliniambia kwamba hajui magunia yalikokwenda. Sikumuuliza mara ya pili. Nilimwambia akubali, aombe msamaha, yaishe.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtu akikosea anaitwa mbele ya wazee, anakubali, anatoa mbuzi, nyama inaliwa, na jambo hilo halitajwi tena. Anayekana ndiye anayewaudhi wazee. Nilidhani mahakama ni kikao kama hicho, ila chenye meza kubwa zaidi.

Askari aliyekuwa kaunta, mtu mzima kutoka magharibi, alinisikia. Aliniambia kwa upole kwamba mshukiwa ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili, na kwamba si kazi yake kuonyesha hakuiba. Serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba aliiba. Nilimjibu kwamba sisi tunajuana. Ndani ya seli mmoja wa wale walinzi alicheka.

"Karani, huku si kwa mbuzi," akasema. "Hata supu hakuna."

Nilimwona mtu asiye na adabu.

Kesho yake walipelekwa kortini. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, kisha karani wa mahakama akayatafsiri. Walinzi walisema si kweli. Zamu ya ndugu yangu ilipofika, alinitafuta kwa macho kwenye mabenchi ya nyuma. Niliitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," akasema.

Hakimu hakumharakisha. Alimuuliza kama ameelewa, akamweleza kwamba kosa hilo lina kifungo. Akasema ameelewa. Mwendesha mashtaka akasoma jinsi stoo ilivyofunguliwa na magunia yalivyobebwa, na ndugu yangu akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Akasema ndivyo. Alikuwa akikubali mambo ambayo ndiyo kwanza anayasikia. Kisha akaomba msamaha kwa maneno niliyomfundisha, neno kwa neno. Alipewa miaka mitatu, na theluthi moja ikaondolewa baadaye kwa mwenendo mzuri gerezani.

Walinzi walipata dhamana, kesi yao ikaendelea. Miezi minane baadaye shahidi mmoja alieleza kwamba stoo ilikuwa na ufunguo wa pili, na ulitundikwa kwenye msumari ofisini, mahali ambapo yeyote angeuchukua. Waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Nilikwenda mbio Nyeri mjini kwa wakili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba mtu aliyekiri kwa kawaida hukata rufaa ya adhabu tu, si ya kosa. Alijaribu. Haikusaidia.

Ndugu yangu alipotoka, kiwanda kilikuwa kimewarudisha walinzi kazini, lakini yeye hakikumtaka. Nilisimama kwenye mkutano wa wakulima wenye kiwanda nikasema mimi ndiye niliyemwambia akiri. Mama mmoja aliuliza, wala si kwa ubaya, "Lakini si alisema kwa mdomo wake?"

Sasa anavuna kahawa katika mashamba ya watu, na msimu huu alinisaidia kuvuna langu. Tulikuwa tukichuma mti mmoja, yeye upande wake na mimi wangu, aliponiuliza bila kunitazama.

"Mkubwa, siku ile kortini, ulifikiri nimeiba?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilitaka yaishe haraka, au kwamba sikuijua sheria. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia miaka hiyo yote.

"Ndiyo," nikasema. "Nilifikiri umeiba."

Alichuma tawi lake mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona usoni kule kituoni. Sasa kama wewe hukuniamini, yule hakimu ningemwambia nini?"

Akachukua ndoo yake, akahamia mstari mwingine.