Uani kwa Babu, Pale Tulipokula Wote

Harufu ya maharage yaliyoungua kidogo chini ya chungu, hiyo ndiyo iliyotutoa mashambani jioni, kule kwetu Umatengo, milimani Mbinga. Hakuna aliyekwenda kula nyumbani kwake. Kila mama alisonga ugali wake akaupeleka uani kwa babu, mahali tulipopaita sengu, na ukoo mzima ukala pamoja. Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule wa kulima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo. Wanaume walifyeka nyasi na kuzipanga, akina mama wakazifukia, nasi watoto tukashinda na njaa ya kufa mtu. Jioni ulinawa, ukajipenyeza kwenye sinia lolote. Mimi nilikimbilia la shangazi Batilda. Jamani, yule mama alijua kupika! Mama yangu alinuna, akanisema mbele ya watu, "Si uhamie huko huko! Nguo zako nikufungashie?" Watu wakavunjika mbavu. Na asiyeonekana jioni hiyo alifuatwa kwake, maana mtu hakukosa sengu ila awe mgonjwa.

Sitaki mtu aniambie habari za maendeleo. Babu hayupo, shangazi hayupo, binamu zangu wametawanyika Songea na Dar, ngolo zao zimemezwa na magugu. Mlima mzima amebaki mama yangu tu, na amekonda hadi naogopa kumkumbatia. Daktari wa zahanati hakuona ugonjwa. Mwezi uliopita nilikwenda, nikajionea mwenyewe. Alisonga ugali wa kushibisha ukoo, akaubeba hadi uani kwa babu, akakaa.

"Mama, tunamngoja nani?"

"Hakuna. Ila kula peke yangu sikuzoea, mwanangu. Tonge halipiti."

Kumbe siku nyingine hurudi nao mzima, akamwagia nguruwe. Asipoonekana yeye, nani atamfuata?

Tulikula. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, akalamba na vidole. Nimemsihi sana ahamie kwangu Songea, hataki, anasema uani kwa babu hapaachwi bila mtu. Alipomaliza akanitazama, uso umemchangamka.

"Kesho nipike kisamvu, kama cha Batilda?"

Basi langu lilikuwa la alfajiri, na kazini walikuwa wananisubiri. Nikakata tonge kubwa, nikalitia mdomoni, nikaendelea kutafuna.