Bunduki Iliyofungwa

Usiku ule nililala na ripoti chini ya mto, nisije nikaisahau asubuhi. Ilikuwa ukurasa mmoja, nami ndiye niliyeiandika: kwamba askari mwenzangu Sefu alimpiga nyati risasi vibaya kwa uzembe, mnyama akakimbia na jeraha, na sasa wanakijiji hawathubutu kwenda mashambani. Mkuu wetu akiisoma tu, Sefu hana kazi. Sikumwonea huruma. Mimi ndiye mtunza ghala la silaha la pori letu la akiba, na bunduki aliyotumia ilikuwa mpya, ya masafa marefu, ya kuvuta bolti, kile chuma cha kufungulia chemba ya risasi, yenye darubini ya kukuonesha mbu akipiga miayo. Bunduki kama ile haikosi. Aliyekosa ni mtu, na mtu mwenyewe nilishuku alikuwa amekunywa.

Nikaota niko uwanja wa shabaha, jua la saa nne linawaka. Mzee Mgaya amekaa juu ya gunia la mchanga. Huyu ndiye aliyenifundisha bunduki, na tulimzika mwaka juzi. Nililiona kaburi likifukiwa. Kwa hiyo sikumkimbilia. Nilisimama mbali nikamkagua: kofia yake, kovu la kidevuni, kidole gumba chenye kucha nyeusi. Vyote vilikuwepo, na bado sikuridhika.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Mzee Mgaya ninayemjua mimi hakumnyima mtu marahaba hata akiwa amenuna. Moyo ukaniambia huyu siye, amevaa sura tu.

Anainuka. Ile bunduki mpya iko mkononi mwake, na sijui ameitoa wapi, maana ufunguo wa ghala ninao mimi shingoni. Nikaushika kuhakikisha. Upo. Anakuja taratibu, ananinyooshea bunduki, nami naipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na ndipo nashtuka. Bolti imefungwa.

Mzee alikuwa na sheria moja, aliyotuimbia mpaka tukaichoka. Anayekupa bunduki avute bolti kwanza, akuoneshe chemba tupu, aseme, "Tazama mwenyewe." Nawe utazame, utie kidole, uishike darubini uitikise, ndipo upokee. Ukipewa iliyofungwa, irudishe hapohapo. Miaka kumi na miwili niliyofanya naye kazi, hakuwahi kunipa bunduki iliyofungwa.

"Wewe si Mzee Mgaya," namwambia.

Hakasiriki. Uwanja wa shabaha haupo tena. Tuko mlangoni mwa ghala, mvua inanyesha, na gari la makao makuu linaunguruma nje. Dereva ananikabidhi bunduki iliyoviringishwa kwenye blanketi. Ana haraka, nami chai yangu inapoa. Nauona mkono wangu ukiandika kwenye daftari la silaha: nzima. Blanketi sijalifungua.

Mara Sefu yuko mbele yangu. Nampa bunduki. Ananyoosha mkono aishike darubini, anaomba risasi mbili tatu za kujaribia, nami namwambia aache kuchezea kitu kipya, nimeshakagua. Anaurudisha mkono wake. Ananiamini, masikini.

Namgeukia Mzee, na sasa namshuku kwa jambo jingine kabisa: kwamba ni yeye kweli, na amenitega makusudi.

"Nimekupa imefungwa," anasema. "Mbona umepokea?"

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka, na watu wa zamu walikuwa wanachota maji nje. Nikajitupia kanga begani nikaenda ghalani. Nikavuta bolti ya bunduki ile, nikatazama, nikatia kidole. Nikaishika darubini. Ikacheza, na darubini inayocheza hupeleka risasi kando. Skrubu ya mbele niliizungusha kwa ukucha wangu, bila nguvu yoyote. Niliona aibu, aibu ya kutaka kufunga mlango nisitoke tena.

Nikatoka nayo, nikamkuta Sefu nje ya chumba chake akifunga sanduku la nguo. Hakusubiri hata kuambiwa amefukuzwa.

"Dada, kama umekuja kunisema, nimeshasemwa vya kutosha."

Nikavuta bolti mbele yake, nikaiacha wazi, nikamnyooshea bunduki.

"Tazama mwenyewe," nikamwambia. "Na darubini uishike."

Akatazama, akatia kidole, akashika. Akaisukuma darubini huku na huku kwa kidole kimoja.

"Ulisema umekagua."

"Sikukagua."

Nikaomba kalamu, nikakaa chini, nikaandika ripoti nyingine juu ya sanduku lake. Maneno hayakubadilika sana. Uzembe uliendelea kuitwa uzembe, ila palipokuwa na jina la Sefu niliandika langu.