Pikapu Iliyomtii Mwenyekiti

Kitendawili, wajukuu zangu!

Nina pikapu, kaniachia marehemu mume wangu, lakini haiwaki mpaka mwenyekiti wa kitongoji akae kiti cha mbele. Mkishindwa nipeni mji.

Mnacheka? Mimi sikucheka. Miezi mitatu nimepanda nyuma na kuku wangu, navuta vumbi, yeye kakaa mbele anapungia watu mkono.

Kitongoji sikitaji. Ni huku kwetu Singida, ukishapita Mkiwa unaacha lami, unafuata mashamba ya alizeti.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya dizeli. Dashibodi ni chuma kitupu, rangi imeshabanduka. Pembeni ya gia sakafu imeliwa na kutu, ina tundu, unaona njia inavyopita chini. Lakini ndiyo inayonifikishia kuku mnadani. Bila hiyo mimi ni bibi wa kuomba chumvi kwa watoto.

Mwishoni mwa masika ikaanza vituko. Taa zinawaka. Honi inalia. Hosea mwanangu akizungusha ufunguo:

Ka!

Kimya.

Tukanunua betri mpya. Ka! Stata ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa. Ka! Vijana wakasukuma mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanajificha.

Siku moja mwenyekiti wetu, Mzee Obadia, akaomba lifti. Akapanda mbele na fimbo yake. Ile fimbo si mti. Ni nondo nene, kaichomelea mpini, anatembea nayo kama askari. Akaitumbukiza kwenye lile tundu la sakafu isimsumbue, juu akaiegemeza kwenye dashibodi.

Hosea akazungusha ufunguo bila matumaini.

Vruuum!

"Mmeona?" Mzee Obadia akasema. "Hata mashine zinajua uongozi."

Tukadhani utani. Kesho yake, bila yeye: ka! Keshokutwa, akiwemo: vruuum!

Tumekwisha.

Ikawa ukitaka safari, kwanza umfuate mwenyekiti. Anakuja taratibu, anapanda, analihutubia gari. "Amka, ewe pikapu, uwatumikie wananchi!" Halafu anashika fimbo, anafumba macho. "Washa, Hosea!" Likinguruma anatikisa kichwa. "Nasikia joto linapanda mkononi. Nguvu hizo."

Akishuka anaondoka na kuku wangu mmoja. Anamwita kuku wa shukrani.

"Mama, si linawaka?" Hosea ananiambia. "Unataka nini tena?"

Nataka kiti changu, mwanangu.

Mwisho mwenyekiti akaitisha mkutano wa Jumamosi. Ajenda moja tu: gari lihamie uani kwake, eti kwa usalama wa gari.

Na wa kwanza kumuunga mkono ni jirani yangu Severina, mwanamke niliyemgawia mbegu ya alizeti mwaka jana.

"Mama Hosea, usikasirike," akaniambia. "Linamtii yeye. Wewe linakufanyia ka!"

Ijumaa, tukirudi kutoka mnadani, mwenyekiti akaomba tusimame, akaingia kichakani kujisaidia. Hosea akazima gari kuokoa mafuta. Mara likaja lori nyuma yetu linapiga honi. Hosea akapaniki, akazungusha ufunguo.

Vruuum!

Nikachungulia kioo cha nyuma. Kiti cha mbele kitupu.

"Hosea! Mwenyekiti yuko wapi?"

"Kichakani, mama."

"Na gari limewakaje?"

Akajikuna kichwa. "Labda nguvu zake zinafika mpaka pale."

Huyo nilimsomesha mpaka fomu foo, jamani.

Mimi niliishia la saba, lakini vitendawili navijua. Nikatazama kiti kile vizuri. Mtu hayupo. Kilichobaki ni fimbo.



Jumamosi watu wakajaa uani kwangu. Mzee Obadia kavaa koti.

"Mwenyekiti," nikamwambia kwa adabu zote, "kabla hujalichukua, lijaribu mbele ya wananchi. Panda. Fimbo nitakushikia mimi, mikono ibaki huru kwa hotuba."

Akafurahi sana. Akapanda, akahutubia dakika tano nzima.

Ka!

"Rudia," akamwambia Hosea. Akapandisha sauti, akataja maendeleo, akataja zahanati.

Ka!

"Sasa nipishe, baba." Nikapanda mimi. Fimbo tunduni, juu nikaiegemeza. "Washa, mwanangu."

Vruuum! Na fimbo ikawa ya moto kiganjani.

Uwanja mzima ukapasuka kwa vicheko. Severina, yule yule, akapaza sauti: "Kumbe tunaongozwa na nondo! Uchaguzi ujao tuisimamishe!"

Mzee Obadia akatazama viatu vyake. Siwafichi, nilisikia raha.

Raha yenyewe haikudumu.

Nilikuwa nimemwita Joshua, fundi umeme wa magari kutoka Utemini, kule mjini. Akanipa shikamoo, akajilaza chini ya gari, akatoka anatabasamu.

"Bibi, umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Kuna waya unaunganisha injini na bodi, ndiyo njia yake ya kurudi. Haupo. Fimbo chini ilikuwa inagusa giaboksi, juu inagusa bodi. Ikawa ndiyo daraja."

"Waya wenyewe ukoje?" mwenyekiti akauliza.

"Mpana, mzee, umesukwa kama utepe..." Akanyoosha kidole. "Kama ule pale."

Wote tukageuka.

Mlango wa banda langu la kuku.

Nikakumbuka. Kicheche alikuwa ananimalizia vifaranga. Nikauona utepe unaning'inia chini ya injini, upande mmoja umeachia. Nikasema uchafu huu unafanya nini hapa? Nikaufungua upande wa pili kwa spana ya marehemu, nikafungia banda. Umekaza vizuri kweli.

Mzee Obadia alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Hosea! Kumbe ukuu wote ule umenipa wewe!"

"Na kuku juu," nikamjibu. "Kaa, baba, leo tunakula wote."

Joshua akaurudisha waya mahali pake. Hosea akazungusha ufunguo, gari likawaka. Halikuhitaji hotuba.

Sasa banda likakosa cha kufungia. Mwenyekiti akalitazama, akaguna, akaichukua fimbo yake, akaipachika mlangoni kama komeo. Ipo pale mpaka leo. Kicheche haingii.

Basi somo langu ndilo hili: kabla hujampisha mtu kiti cha mbele, angalia kwanza ameshika nini. Na kabla hujamcheka, kaangalie banda lako umelifungia nini.