Safari Niliyojiandikia ya Kwenda kwa Feza

Ndugu zangu, mnicheke polepole. Mimi Ramazani ndiye napanga safari za kazi katika ofisi yetu ya Kasongo. Natafuta pikipiki na dereva, naandika ordre de mission, ile karatasi ya kuonyesha askari kwenye bariyeri za barabarani. Wengine wanaenda, mimi nabaki na muhuri.

Juzi nilimwandalia Mama Directrice, mkubwa wetu wa ofisi, safari ya Salamabila. Kule ndiko aliko Feza wangu, anauzia wachimbaji mikate. Hamu ikanishika, nikajiandikia karatasi yangu, ya kuitazama tu: “Jina: Ramazani. Sababu ya safari: kumuona Feza, nimemukumbuka sana.” Nikaipiga na muhuri, maana bila muhuri hata ndoto haina raha.

Asubuhi, kwa haraka, nikampa Mama karatasi moja. Akatia sahihi bila kusoma, kwa vile ananiamini, akaondoka.

Saa sita akapiga simu. Nikaweka sauti kubwa, ofisi nzima isikie nilivyopanga vizuri.

“Ramazani, mutoto wangu, niko kwa bariyeri, wamenizuia. Askari amesoma karatasi mbele ya watu wote. Anakuuliza wewe: kama unamukumbuka Feza hivi, mbona unamutumia mama muzee?”