Mawaridi ya Cornelia Mbele ya Altare

Cornelia alilima ulezi na mahindi nje kidogo ya Sumbawanga, lakini mikono yake ilipenda sindano. Sista Odila, mtawa Mfaransa wa misheni, ndiye aliyemfundisha kudarizi mazulia ya maua kama ya kwao: mawaridi ya sufu, sindano ikijaza kitambaa tundu kwa tundu, mpaka kitambaa cha chini kisionekane kabisa.

Mwaka ule vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa kila upande, habari zikaja kwamba Marselino, kijana wa hapo hapo, angepewa upadre nyumbani.

"Wakati wa kupewa upadre atalala kifudifudi mbele ya altare, juu ya maua yangu!" Cornelia alimwambia mumewe, Wilibrodi, huku akirukaruka.

Akawa anadarizi zulia la siku hiyo kila atokapo shambani. Siku ikakaribia, na waridi la katikati halijakamilika, sufu nyekundu ikamwishia. Alizunguka maduka yote ya mtaa wa Majengo asipate hata uzi mmoja.

Wilibrodi alivua sweta lake jekundu, na baridi ya Ufipa ilivyokuwa kali!

"Haya, mke wangu, fumua."

"Na wewe je?"

"Mimi nitaota moto. Fumua, siku zinakwenda!"

Wakafumua wakicheka, mmoja akivuta uzi, mwingine akiukunja.

Siku ya upadrisho, Marselino alipojilaza juu ya lile zulia, kanisa zima lilikuwa kimya likingoja litania, sala ya kuwaita watakatifu. Cornelia akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele peke yake. Wanawake wote wakamwitikia, na Sista Odila akaziba mdomo kwa kicheko.