Jinsi Kilian Alivyomweleza Mkwewe Operesheni

Kilian wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali nzima ya misheni haikuwa na dawa yake. Akisikia neno la Kiingereza asilolijua, hali akashiba mpaka apate maana yake.

Alikuwa dresa, kazi yake kusafisha na kufunga vidonda. Kwa kuwa Kiingereza alikijua kuliko wenzake, alifanywa pia mkalimani wa daktari, mama mmoja Mwingereza, mrefu, aliyejua kuwaamkia wagonjwa kwa Kiswahili safi kabisa, kisha basi. Mfukoni mwa koti lake jeupe Kilian aliweka daftari, na maneno ya humo hayakuwa na ukoo. "Valve" alipewa na fundi wa mitambo, siku meli ilipotia nanga. "Erosion" alimng'ang'ania bwana shamba mpaka akampa. "Witness" lilitoka kwa karani wa baraza, na "keystone" kwa mwashi aliyejenga tao la kanisa.

Kupewa maana hakukumtosha. Alimtafuta mtu asiyelijua kabisa neno lile, akamsomea maana yake huku akimkazia macho usoni. Mtu akiitikia kwa kichwa, neno linabaki. Akikunja uso, linafutwa na kuandikwa upya. Ndiyo maana "valve" humo ilikuwa mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda mbele na kuyakataza kurudi, kama mdomo wa mgono, mtego wa wavuvi, unavyompokea samaki na kumnyima njia ya kutoka. Wavuvi watatu waliitikia. Mkewe Vitalia, jicho la kushoto likicheka kabla ya mdomo, alisema kama angekuwa anatazamwa yeye kwa makini hayo, angekuwa amenenepa zamani.

Vitalia alitoka milimani, Mpepai, kwenye kahawa na ngoro, yale mashamba ya mashimo yanayozuia udongo usishuke na mvua. Kilian alijifunza Kimatengo, lugha ya kwao, kwa ajili yake, akakijua vizuri. Mtu mmoja tu wa ukoo wa mkewe hakuwahi kusema naye zaidi ya salamu, naye ni Mama Kunigunda, mkwewe. Desturi ya wakwe ilikuwa kali. Mama mkwe akitokea njiani, mkwe wa kiume huchepuka majanini, akachuchumaa, akaamkia akitazama chini. Kumtazama usoni ni aibu, na kutaja mbele yake kitu chochote cha mwili ni matusi. Katika miaka saba ya ndoa, Kilian alizijua nyayo za mkwewe tu.

Sasa, mwaka 1952, mvua zilipokwisha, Mama Kunigunda akaletwa kwa machela, tumbo limevimba na uso umemsinyaa. Daktari alimpima, akatoka akimwita mkalimani wake. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Akipasuliwa wiki ile, huenda akapona. Akirudi nyumbani, hafikishi mavuno yajayo. Amweleze mgonjwa yote, akubali au akatae mwenyewe. Kwa watu wasiotaka, daktari hakushika kisu.

Kutaja kizazi mbele ya mkwewe, Kilian hakuthubutu. Muuguzi Theodosia, Mmatengo pekee pale, alikuwa msibani kwao. Basi Kilian akamweleza Vitalia neno kwa neno, aende akamwambie mama yake. Vitalia akaenda. Lakini mtoto ni mtoto. Alipomwona mama yake kitandani, moyo ulimtoka, akasema watampa dawa alale, akiamka atakuwa mzima. Mama Kunigunda hakuwa mjinga. Alimwuliza dawa gani hiyo inayomliza anayeileta. Vitalia akazidi kulia. Mama akasema basi, hatibiwi kwa kitu kinachofichwa. Kesho wabeba machela wakiondoka, ataondoka nao, akazikwe kwao.

Siwezi kumlaumu Vitalia, na Kilian hakumlaumu. Alikwenda kukaa kwenye mitumbwi akaona hasira, kwanza kwa desturi, kisha kwake mwenyewe. Mtu aliyewaeleza wavuvi mitambo ya meli anashindwa kumweleza mwanamke mmoja uhai wake! Aliogopa kumvunjia heshima mkwewe, akaogopa zaidi kumzika.

Asubuhi, wabeba machela wakifunga mizigo, alizunguka nyuma ya wodi na kuketi chini ya dirisha la Mama Kunigunda, mgongo ukutani, uso ziwani. Akafungua daftari na kuanza kusoma kwa sauti, kwa Kimatengo, kama mtu anayejisomea.

"Operesheni," alisema. "Mkulima ana ngoro zake mlimani. Nyasi amezilaza, akazifukia, kingo zimeshika na mashimo yanapokea mvua. Ndani ya ngoro moja kumeota kisiki kibaya kinachokula chakula cha shamba zima. Mkulima anafungua ukingo, anakata kisiki, anakitoa, kisha anaufunga ukingo ule ule, udongo usishuke."

Akafunga daftari. Hapo ndipo kazi yake ilipomshinda, kwa maana hakuwa na uso wa kutazama. Hakujua kama ndani mtu ameitikia au amekunja uso. Alibaki anasikia mbuzi wa misheni na kamba za machela zikikazwa.

"Ukingo unafungwa na nini?" Sauti ilitoka dirishani, nyembamba lakini kavu.

Kilian nusura asimame. "Uzi, mama."

"Unaoza humo ndani?"

"Wa ndani unayeyuka wenyewe. Wa nje tunautoa siku ya kumi."

"Nitasikia jembe?"

"Hutasikia. Utalala kabisa."

Kisha likaja swali ambalo Kilian aliliogopa. "Wapo wasioamka?"

Kilian alifumba macho. Angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemshika. "Wapo, mama. Daktari amesema kati ya kumi, wawili. Na wanaorudi na kisiki tumboni, hajaona hata mmoja aliyevuna tena."

Alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza kwa shida. Mama Kunigunda alisema kwamba kwao anayelaza nyasi ni mwanamume, lakini anayefukia ni mwanamke, na yeye amefukia ngoro tangu msichana. Kisiki akijua kilipo hakiachi. Kisha akaita kwa sauti ya mwenye shamba.

"Waambieni wabeba machela waende. Wasinisubiri."

Alipasuliwa Ijumaa. Kilian aliomba radhi asiingie chumbani, daktari hakuielewa desturi ile, lakini akamruhusu. Alikaa nje na Vitalia, wakashikana mikono mbele za watu, jambo lisilokuwa la kawaida kwao, na hakuna aliyewacheka. Mchana daktari alitoka akiwa amechoka, akawaambia uvimbe umetoka wote. Vitalia alilia kwa sauti. Kilian naye alilia, na sioni kwa nini nifiche.

Wiki ya nne Mama Kunigunda alikuwa anatembea, anakula samaki wa ziwani huku akilalamikia miiba yao. Siku ya kurudi Mpepai alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Kilian alichepuka upande wa maua, akachuchumaa, akaamkia shikamoo akitazama chini, kama miaka yote. Zile nyayo alizozijua zikaja moja kwa moja mpaka mbele yake, zikasimama.

"Marahaba. Nitazame, mwanangu," alisema. "Tumbo langu umeshalieleza lote. Macho yatakuonea aibu gani?"

Vitalia aliziba mdomo. Kilian aliinua uso taratibu, shingo ikimkatalia, akamtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza. Alikuta mwanya katikati ya meno ya juu, na jicho la kushoto linalotangulia kucheka kabla ya mdomo. Miaka saba alikuwa akiupenda uso ule nyumbani kwake, na hakuwahi kujua ulikotoka.