Alama Ishirini za Kaveke

Kaveke, fundi wa nguo wa mtaa wa Kawangware 56, alikuwa na wivu, na wala hakujisumbua kuuficha. Alimwonea wivu Nereah, mpika chapati wa Kianda, kwa sababu Nereah alikuwa ameshinda shindano la hadithi fupi la kikundi chao cha waandishi miaka mitatu mfululizo. Aliwaonea wivu hata Wafilipino, watu ambao hajawahi kukutana hata na mmoja wao. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kwao kuna tuzo za miaka mingi, na kwamba mtu hutuzwa hata kwa hadithi fupi aliyoiandika kwa lugha ya nyumbani.

"Na Kikamba je?" alimwuliza mwalimu Khamala, kiongozi wa kikundi. Khamala alicheka tu.

Ni Kaveke huyo huyo aliyewaletea utaratibu alioupata huko: hadithi ipelekwe bila jina, jina lifungwe ndani ya bahasha. Alisema ni kwa ajili ya haki. Haki gani? Alitaka Nereah asipendelewe, basi.

Waandishi walikuwa sita, na kila mmoja alizisoma hadithi za wenzake na kuzipa alama, ya juu ikiwa ishirini. Kaveke alizisomea kwenye cherehani, suruali za wateja zikimngoja. Ya tatu ilianza na samaki, ikaingia ziwani na isitoke tena. Nani mwingine kama si Nereah, mtu wa ziwa? Akaipa mbili, na hata hizo mbili zilimuuma.

Ya tano ilimhusu nyanya mmoja wa Kitui, nchi ya Wakamba, anayechimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, akimwimbia mjukuu asilale kabla maji hayajatokea. Kaveke alilia mpaka akasukuma suruali ya mtu kando isilowe. Hii ni ya Mutinda, alijiambia, Mkamba mwenzangu kikundini, na Mutinda hana madhara, hajawahi kushinda. Akaipa ishirini kamili.

Jumamosi Khamala akasoma jumla. Hadithi ya Kitui ilikuwa ya kwanza, na ya Kaveke ya pili, nyuma kwa alama moja. Angeipa ile ya Kitui kumi na nane tu, angekuwa mshindi. Ya ziwani ilivuta mkia. Bahasha yake ilipofunguliwa, jina likawa Oluoch, fundi wa mabomba, mtu mpole aliyekuwa akiandika kwa mara ya kwanza maishani. Kaveke aliona haya hata kumtazama. Kisha ikafunguliwa ya mshindi. Nereah.

"Wewe umejulia wapi mambo ya Kitui?" Kaveke aliuliza.

"Si ni wewe uliniambia, Kaveke," Nereah akasema. "Ile siku mvua ilitufungia kwa kibanda yangu. Ulinishow vile mamako alikuwa anakuimbia huko mtoni. Mimi nilimfanya tu awe shosho, nyanya wa huyo mtoto. Nilijua utaishika mara moja."

Kaveke aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amepiga hizo stori ili mvua ipite, na hakuwahi kufikiri kwamba zinafaa kuandikwa. Hadithi yake mwenyewe ilimhusu tajiri wa Karen, mtaa ambao hajaingia hata geti moja. Aliketi akimwangalia Nereah akipigiwa makofi, na wivu ukamkaba kuliko miaka yote mitatu. Mama alikuwa wake, na aliyemwandika ni Nereah.